Laiki zimejaa, droo haijajaa: nijuaje tangazo lipi linaniletea wateja?

Shikamoo Mwalimu,

Nina duka la mapazia hapa Morogoro mjini, huu ni mwaka wa sita. Kitambaa nanunua Kariakoo, kushona nashonea hapahapa. Nina mafundi cherehani wawili na binti mmoja wa kuuza. Tunauza pazia, shela, fimbo na pete, na mteja akitaka tunakwenda kwake kupima madirisha, kisha tunarudi kufunga.

Kinachoninyima usingizi ni matangazo. Miaka yote mteja alikuja kwa kuelekezwa na mwenzake. Januari mwaka huu mpwa wangu, ambaye anasoma chuo hapahapa, akanishawishi nianze kulipia. Sasa kwa mwezi Instagram inakula kama 300,000. Redio moja ya hapa inasoma tangazo langu kwenye kipindi cha asubuhi kwa 400,000. Bajaji sita zina stika ya duka, kila dereva nampa 20,000. Julai tulimlipa staa mmoja wa mitandaoni 600,000, akaweka video anacheka na kuzungusha pete za pazia. Halafu wapo mafundi wa jipsamu na wa madirisha ya aluminiamu, hao wakiniletea mteja nawapa asilimia 5 ya oda. Hao ni wa tangu zamani.

Kila Jumatatu mpwa wangu ananitumia picha ya skrini: waliofikiwa 41,000, laiki 1,900, wafuasi wapya 260. Anasema tunapaa, niongeze hela. Mume wangu anamuuliza, "Hizo laiki zinapokelewa benki gani?" Yeye anataka nikate yote nibaki na mafundi. Septemba nimeuza 9,600,000, na Septemba ya mwaka jana niliuza 7,100,000. Mpwa anasema ongezeko ni la Instagram. Mtu wa redio anasema ni la redio. Mume wangu anasema ni kwa sababu watu wanajenga sana Kihonda. Mimi nabaki kuwaangalia.

Nisikufiche: meseji za Instagram na WhatsApp anajibu mpwa wangu jioni akitoka darasani, maana simu ya duka anakaa nayo yeye. Binti wa dukani kazi yake ni kuandika vipimo na oda kwenye daftari.

Desemba inakuja na hela ya kununulia mzigo ndiyo hiyohiyo ninayoigawa kwenye matangazo. Staa naye amepiga simu, anataka 600,000 nyingine kwa ajili ya sikukuu. Naomba unisaidie, nijue kipi kinafanya kazi na kipi nikate. Na huyu staa nimwambie nini? Usinipe mambo ya kompyuta, sina.

Mama Mapazia, Morogoro

*

Marahaba, Mama. Umefanya vizuri kuandika gharama zako waziwazi. Wengi wanaoniletea swali hili hawajui hata wametoa shilingi ngapi.

Umenitajia mauzo, laiki, wafuasi, hadi staa alivyozungusha pete. Kitu kimoja sijakiona: kila oda inakuachia shilingi ngapi? Bila namba hiyo hakuna tangazo linaloweza kuitwa ghali wala rahisi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Chukua oda ya kawaida, sebule na vyumba viwili. Tuseme ni 450,000. Toa kitambaa na usafiri wake kutoka Kariakoo, toa shela, fimbo na pete, ujira wa fundi cherehani, boda ya kwenda kupima na boda ya kwenda kufunga. Tuseme vyote vinakula 300,000. Hapo nakisia, wewe fungua risiti zako uweke namba zako. Inabaki 150,000. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu, umeme na mshahara wa binti, na ndiyo hiyohiyo inayolipa redio, Instagram na bajaji.

Sasa gawanya. Redio ni 400,000, kwa hiyo inahitaji oda tatu kila mwezi ili irudishe hela yake tu, bila kukuachia kitu. Instagram inahitaji oda mbili. Bajaji zote sita kwa pamoja haziifikii hata oda moja. Staa wa Julai alihitaji kuleta oda nne. Na angalia: nazungumzia wateja ambao bila tangazo hilo wasingefika dukani kwako. Jirani aliyekuwa anakuja tu, akakuambia "nimekusikia redioni", humo hayumo.

Kuna hesabu nyingine ambayo nadhani mume wako anaikaribia. Kutoka Septemba hadi Septemba umepanda 2,500,000. Kwa mfano wetu theluthi ya mauzo ndiyo inayobaki, yaani kama 833,000. Redio, Instagram na bajaji kwa mwezi ni 820,000. Kwa hiyo hata tukiwapa mpwa wako na mtu wa redio sifa zote za ongezeko hilo, Kihonda isipate hata senti, kilichoongezeka mfukoni mwako ni kama 13,000, na hapo asilimia za mafundi bado hatujazigusa. Mpelekee mume wako hesabu hiyo kabla hajaifanya mwenyewe.

Na je, bei ya mita hukupandisha tangu mwaka jana? Kama ulipandisha, sehemu ya hiyo 2,500,000 ni bei, wala si watu. Ndiyo maana nakuomba kuanzia leo uhesabu oda kwanza, shilingi baadaye.

Hata hivyo usikate kitu wiki hii. Pazia halinunuliwi kama soda. Mtu anaona video yako mwezi wa pili nyumba ikiwa kwenye lenta, anaihifadhi kwenye simu, na anakuja kwako mwezi wa nane akishapiga rangi. Ukipima tangazo la Februari kwa mauzo ya Februari utalinyonga bure. Yawezekana baadhi ya hela uliyomwaga tangu Januari bado iko njiani inakuja. Yawezekana pia haiji. Kwa sasa huna njia ya kujua, na kazi yetu ni kuitengeneza hiyo njia.

Habari njema ni kwamba chombo unacho tayari, nacho ni lile daftari la vipimo. Biashara nyingi ndogo zinasumbuka kwa sababu mteja anachukua bidhaa na kupotea bila jina. Wa kwako lazima aache jina, simu, mtaa anaokaa na upana wa madirisha yake. Ongeza safu tatu kwenye kila ukurasa. Ya kwanza: alituuliza mara ya kwanza tarehe gani. Ya pili: alitujua vipi. Ya tatu: nini kimemleta leo.

Hizo mbili za mwisho zinafanana, lakini usiziunganishe. Mteja anaweza kukusikia redioni Machi, akaona stika kwenye bajaji Mei, kisha Septemba akakutafuta Instagram kupata namba ya simu. Ukimuuliza "umetupataje?" atajibu Instagram, na redio itaonekana haifanyi kazi wakati ndiyo iliyompandia mbegu. Muulize yote mawili: "Mara ya kwanza ulitusikia wapi?" halafu "Na leo umeamua kuja kwa sababu gani?" Baada ya miezi mitatu utashangaa namna safu hizo mbili zinavyotofautiana.

Mfundishe binti aulize na kunyamaza. Asiseme, "Umetuona Instagram, eti?" Mtanzania ni mpole, ataitikia ndiyo ili mambo yaishe. Na akijibu "nimesahau", binti aandike hivyohivyo, kasahau. Daftari lenye "kasahau" tano ni bora kuliko daftari lililojazwa kwa kumfurahisha mpwa wako.

Kwa wanaokuja kupitia simu kuna njia nyepesi zaidi, na haihitaji kompyuta. WhatsApp ya biashara, ile ya bure, inakuruhusu kubandika lebo kwenye kila mazungumzo. Tengeneza lebo za vyanzo vyako: Insta, redio, bajaji, fundi, mteja wa zamani. Kisha mwambie mpwa wako akutengenezee viungo vya wa.me. Ni anwani fupi yenye namba yako. Mtu akiigusa, WhatsApp inafunguka ikiwa na maneno uliyoyaandika wewe, yeye anabonyeza kutuma tu. Kiungo kinachowekwa Instagram kiwe na maneno "Habari, nimeona pazia zenu Instagram". Cha kumpa staa, kama utampa, kiwe na maneno mengine. Meseji ikiingia inajitaja yenyewe ilikotoka. Kijana anayesoma chuo atamaliza kazi hiyo akiwa anasubiri chai.

Redio haina kiungo cha kubonyeza. Nunua laini mpya, iweke kwenye simu ya zamani ya dukani, na namba hiyo itajwe redioni tu, isionekane mahali pengine popote. Simu ikilia unajua ni nani kakupigia debe. Wengine hutumia zawadi, "taja jina la kipindi upate pete za bure", nayo inafaa, ila jihadhari: habari ikishasambaa mtaani, kila mtu atalitaja hata kama redio hana. Namba haisambai hivyo. Bajaji ziache, binti aulize tu. Ni hela ndogo, na kuipima kwa ukali kutakugharimu muda mwingi kuliko thamani yake.

Sasa nije kwenye jambo uliloliandika kama la pembeni, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Meseji zinajibiwa jioni.

Mama, mtu anayeuliza bei ya pazia saa nne asubuhi ameuliza maduka matatu kwa mkupuo. Anayemjibu saa nne na dakika kumi, akamtumia picha mbili na kumuuliza "dirisha lako lina upana gani?", ndiye anayekwenda kupima. Wewe ukijibu saa moja usiku, unamjibu mtu aliyekwishalipa malipo ya awali kwingine. Yaani inawezekana kabisa Instagram inakuletea watu na wewe unawafungia mlango.

Usiniamini kwa maneno, hesabu. Kaa na mpwa wako jioni moja, fungueni meseji za wiki mbili zilizopita. Andikeni wangapi waliuliza bei. Kati yao wangapi walijibiwa ndani ya saa moja. Wangapi mlikwenda kuwapimia. Wangapi walilipa malipo ya awali. Tuseme mkikuta waliouliza ni 60, mliowapimia ni 7 na waliolipa ni 4. Hapo tangazo limefanya kazi yake kwa watu 60, na upotevu mkubwa uko kati ya swali na kipimo. Kuongeza hela ya Instagram wakati huo ni kuongeza watu wa kukasirishwa. Lakini mkikuta waliouliza bei kwa wiki mbili ni 5 tu, wengine wote wameacha moyo mwekundu na kupita, basi tangazo lenyewe ndilo bovu au linaonyeshwa kwa wasiohusika. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Picha ya skrini ya Jumatatu haiwezi kukuambia unaumwa upi.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla ya daftari na laini mpya, rudisha simu ya duka dukani. Binti ajibu mchana, mpwa ajibu usiku. Haligharimu hata shilingi. Na lazima litangulie, kwa sababu ukianza kupima Instagram leo utakuwa unapima ratiba ya masomo ya mpwa wako.

Nirudi kwenye hizo 41,000. Instagram yenyewe, kwenye akaunti ya biashara, inaonyesha wafuasi wako wako miji gani. Mwambie akufungulie ukurasa huo mkiwa pamoja. Kama walio wengi ni wa Dar, Arusha na Mombasa, jiulize ni nani atakayepanda basi kwenda Mombasa kupima dirisha. Mtu wa Dar hajafutika kabisa, maana tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024 safari imekuwa fupi, na wapo wanaoishi kule na kujenga huku. Lakini huyo unamtaka kwa sababu nyumba yake iko huku.

Wakati wa kulipia tangazo, Instagram inauliza unataka nini: watu watembelee ukurasa wako, au wakutumie meseji? Nahisi mpwa wako anachagua la kwanza, kwa kuwa ndilo linalopandisha namba anazokutumia. Achague meseji. Inauliza pia tangazo lionyeshwe wapi. Aweke Morogoro na kilomita chache kuizunguka. Waliofikiwa watashuka kutoka 41,000, pengine kwa kiasi kikubwa, na asione aibu kukuletea namba hiyo ndogo.

Muulize pia analipia kupitia wapi. Mwaka 2024 Meta, wenye Instagram, walitangaza kwamba anayelipia matangazo akiwa ndani ya programu ya iPhone ataongezewa ada ya Apple ya asilimia 30, na anayelipia kupitia tovuti haongezewi. Kama anatumia iPhone, hapo pana pesa ya kuokota. Na gharama halisi ya Instagram isome kwenye taarifa ya kadi ya benki, usiisome kwenye programu, kwa sababu benki nayo ina viwango vyake vya kubadilisha fedha.

Kupima redio kwa uhakika zaidi, izime kwa muda. Unayo Oktoba inaendelea. Ongea nao usimamishe Novemba nzima. Chukua mwezi mzima, usichukue wiki mbili, ili kila upande uwe na mwisho wa mwezi wake wenye mishahara. Hesabu watu wapya waliouliza, usihesabu mauzo, kwa sababu maswali huja upesi na mauzo huchelewa. Kama Oktoba waliuliza wapya 70 na Novemba wakauliza 68, redio ina maswali ya kujibu. Wakiporomoka hadi 40, umepata la kumwambia mume wako. Desemba usiipime kabisa. Watu wanabadilisha pazia kwa ajili ya wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya, kila tangazo litaonekana ni la dhahabu. Januari nayo ni mwezi wa ada za shule, kila tangazo litaonekana takataka. Rudia jaribio hilo Februari na Machi, ukiangalia Ramadhani na Idi zimeangukia wapi, maana zinahama kila mwaka.

Ukianza kujumlisha kuna mtego mwingine. Akija mwenye gesti wa vyumba 18, au mwenye hosteli ya wanafunzi huko Mazimbu, oda yake moja itameza za mwezi mzima. Kama kaletwa na fundi, mafundi wataonekana wafalme. Kama kakuona Instagram, mpwa wako atataka gari. Mwandike kwenye ukurasa wake wa peke yake. Kwa oda ishirini na kitu za mwezi, na ndiko mauzo yako yanakoelekeza kwa bei tuliyokisia, tofauti ya oda 3 na oda 5 inaweza kuwa bahati tu. Subiri miezi mitatu ndipo useme hiki kimeshinda kile.

Mume wako ana haki kuhusu mafundi, ila kwa nusu. Asilimia 5 ya 450,000 ni 22,500, na unailipa hela ikishaingia. Hakuna redio itakayokupa masharti hayo. Lakini fundi anakuletea watu wa nyumba anazofanyia kazi yeye tu, na idadi yao ina kikomo. Kuna pia mafundi wanaodai chao kwa mteja ambaye alikwishakuuliza bei mwenyewe wiki mbili nyuma. Safu ya tarehe ya kuuliza mara ya kwanza itakulinda hapo, bila ugomvi. Na mwandike fundi kama unavyoandika redio: huyu kaleta wangapi, wamelipa wangapi. Utakuta wawili ndio wanaofanya kazi na wengine wanakunywa soda yako.

Kundi lililosahaulika kwenye barua yako ni wateja wa zamani. Miaka sita, daftari limejaa majina. Aliyeweka pazia sebuleni mwaka juzi ana vyumba vya watoto ambavyo bado vina kanga iliyofungwa msumarini. Kumtumia meseji yeye ni karibu bure. Ila omba ruhusa kwanza unapochukua namba, na mtu akisema asitumiwe usimtumie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haibagui duka kubwa na dogo. Vivyo hivyo na picha za sebule za watu unazoziweka mtandaoni.

Mpwa wako usimgombeze. Anakuletea laiki kwa sababu hakuna aliyemwomba kitu kingine. Sijui unamlipaje, lakini kama ni posho ya jumla, ibadilishe: kiasi kidogo cha kudumu, na kiasi kwa kila aliyeuliza kupitia mtandao akafikia kupimiwa dirisha. Nimesema kupimiwa, sikusema kununua, kwa kuwa bei, kitambaa na lugha ya dukani ni juu yako, wala haimhusu. Na ripoti ya Jumatatu iendelee, iwe na mistari minne tu: waliouliza, waliojibiwa ndani ya saa moja, waliopimiwa, waliolipa. Tumia daftari la shule na rula, inatosha. Mume wako aisome naye.

Na staa. Fungua daftari la Julai, Agosti na Septemba, wapigie wateja wako wapya, uwaulize walikujua vipi. Ni simu kama sitini, binti anaweza kuzimaliza kwa siku chache, na kisingizio unacho kizuri: unaulizia kama fimbo zimekaa sawa. Ukipata wanne au zaidi waliokuja kwa video ile, alijilipa, na mnaweza kuzungumza tena. Akiwa mmoja au hayupo, mwambie hivi: nitakupa 150,000 ya kuanzia na kiungo chako mwenyewe cha WhatsApp, na kwa kila oda itakayolipwa kupitia kiungo hicho hadi mwisho wa Januari nitakupa 30,000. Kwa masharti hayo, akileta oda 15 anapata 600,000 yake kamili na wewe unabaki na faida ya kueleweka. Akikataa, ile hela inunue vitambaa vya Desemba.